Rangi ya ngozi haitoki dukani, hutoka kwenye yai

UKIINGIA katika nyumba fulani mtaani Free Area, Nakuru, huenda ukaona ukutani picha ya Bikira Maria au ya mtakatifu mwenye uso mweupe pepepe. Mtoto akiuliza kwa nini watakatifu wote wana rangi moja, mzazi hubaki akikuna kichwa. Jibu moja, msomaji mpenzi, limo jikoni mwako: ndani ya yai.

Picha takatifu za Waothodoksi, ziitwazo ikona, tangu jadi huchorwa kwa kiini cha yai kilichochanganywa na unga wa rangi. Kanisa hilo si geni kwetu. Waothodoksi wa Kenya walipokelewa rasmi chini ya Patriaki wa Aleksandria mwaka wa 1946, na chuo chao cha mapadre kiko Riruta, Nairobi.

Gredi au kienyeji?

Mwitaliano Cennino Cennini, katika kitabu cha ufundi alichoandika karibu mwaka wa 1400, alishauri kwamba uso wa kijana uchorwe kwa yai la kuku wa mjini kwa kuwa kiini chake kimepauka, na uso wa mzee au wa mtu mweusi kwa yai la kuku wa shambani. Sisi tungesema gredi na kienyeji! Hata hivyo usijisumbue sana, kwani umanjano wa kiini hufifia baada ya muda, ukabaki ule wa udongo.

Tenga kiini na ute. Kihamishe kutoka kiganja hadi kiganja mpaka kikauke, kisha kishike kwa ngozi yake na ukitoboe ili kimwagike kikombeni. Ngozi itupe. Ongeza maji kiasi sawa na kiini, na matone machache ya siki kisiharibike upesi. Changanya na unga wa rangi uliokwisha kulainishwa kwa maji. Chora juu ya ubao mgumu uliopakwa chaki na gundi ya wanyama. Juu ya kitambaa kinachokunjika, rangi hii hupasuka.

Anzia gizani

Hapa ndipo penye siri. Mchoraji wa ikona haanzi na weupe kisha akaongeza vivuli. Uso wote hupakwa kwanza rangi nzito ya kijani-kahawia, mchanganyiko wa udongo wa manjano, mweusi na kijani. Baadaye hupaka udongo wa manjano wenye wekundu kidogo kwenye paji la uso, pua, mashavu na kidevu, akiacha giza pembeni. Kila tabaka huwa jepesi, jangavu na dogo kuliko lililotangulia. Mwisho kabisa huja mistari michache myembamba karibu na macho. Kwa Waothodoksi, nuru hiyo haitoki dirishani, bali ndani ya mtakatifu mwenyewe.

Kwa hivyo uso mweusi hauvunji desturi. Musa Mweusi, mtawa wa jangwa la Misri wa karne ya nne, huchorwa kwa njia iyo hiyo. Msingi wake huwa wa kahawia iliyokolea na udongo mwekundu, na nuru yake hukoma kwenye rangi ya dhahabu-kahawia. Ukimwongezea nyeupe nyingi, ngozi huonekana kama imepakwa majivu.

Hadhari

Rangi nyekundu ya kale iliyotokana na zebaki, na nyeupe iliyotokana na risasi, ni sumu. Tumia rangi za udongo na nyeupe ya titani, usilambe brashi, na usivute vumbi la rangi. Changanya yai jipya kila siku.

Na mtoto akiuliza tena, mpe brashi. Muache aanze na giza, aone mwenyewe uso ukijitokeza.