Mayai 60 kwa basi, vifaranga 16: oda ya mtandaoni iliyonitia adabu

Naona wengi humu mmeanza kuagiza mayai ya kutotolesha mtandaoni, yanakuja kwa basi, mnaweka kwenye mashine nyumbani, mnauza vifaranga. Biashara ipo, sikatai. Ila ngoja niwasimulie oda yangu ya kwanza, na hesabu zake zote, hata zile za aibu.

Nilikuwa na mashine ya mayai 96, ipo chumbani kwangu hapa Morogoro. Kwenye stetasi wateja walikuwa wananiulizia kuchi kila siku. Nikampata kaka mmoja wa Mwanza mtandaoni, picha za majogoo yake zinatisha, shingo ndefu, miguu minene. Yai 2,000. Nikaagiza trei mbili, mayai 60, 120,000, na usafiri 10,000. Nikatuma hela kwa simu.

Kosa langu kubwa lilikuja hapo hapo. Mzigo haujafika, mimi nimeshatangaza: vifaranga wa kuchi wa siku moja, 6,000, weka nusu tukuwekee. Siku mbili tu nikawa na oda za vifaranga 40. Yaani 120,000 ya watu ipo kwenye simu yangu, na nikaona hela ya mayai imesharudi. Nikaenda kununua chakula cha kuku wangu nayo.

Basi lilitoka Mwanza alfajiri, likapita Shinyanga, Singida, Dodoma, mzigo nikaupokea Msamvu usiku. Trei zimefungwa kamba tu, moja juu ya nyingine, na zilikuwa kwenye buti. Ukigusa boksi lina joto. Mayai manne yamepasuka. Nikayatupa, na hilo nalo lilikuwa kosa, nitawaambia kwa nini.

Kitu kimoja nilifanya vizuri. Niliyapumzisha hadi kesho yake jioni, ncha chini, upande butu juu. Yai likirushwarushwa njiani, ule mfuko wa hewa wa upande butu unaweza kuachia, ukimulika tochi unauona unacheza. Ukiliingiza yai kwenye mashine moja kwa moja unaliongezea taabu. Pumzisha walau saa 12, 24 ni bora. Na usiyaoshe hata kama yana uchafu, maana maji yanaondoa utando wa nje unaozuia vijidudu kupenya ganda.

Cha pili kilichoniokoa sikukipanga. Nafasi ilibaki kwenye mashine, nikachukua mayai 10 ya kienyeji kwa jirani, nikayaweka pamoja na yale 56. Joto 37.5, unyevu kama asilimia 50, mashine inageuza yenyewe.

Siku ya 7 nikamulika. Kwenye mayai 56 ya kuchi, 15 yalikuwa meupe pe, hayana hata mshipa. Mengine 14 yalikuwa na pete ya damu, maana yake kiinitete kilianza kisha kikafa. Yakabaki 27. Ya jirani, 9 kati ya 10 yana mishipa safi kabisa. Siku ya 18 nikaacha kugeuza, nikapandisha unyevu. Ya kuchi yaliyo hai yalikuwa 22. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 16. Ya jirani wakatoka 8.

Gawanya 130,000 kwa 16. Kila kifaranga kimenigharimu 8,125, bado umeme, na mimi nimeshamuuza kwa 6,000.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja aliyelipia vifaranga 15. Alikuja na boksi lake kalitoboa matundu, banda amesharekebisha, taa ameshafunga. Nikampa sita. Alikaa kimya, akaniambia, "Mwanangu, usikate mbeleko na mwana hajazaliwa." Hakunitukana, na ndiyo ikaniuma zaidi. Vifaranga 24 ambao sikuwa nao ni 72,000 ya kurudisha, na hela yenyewe nilishailisha kuku. Nikakopa kwenye kikoba, nikamrudishia kila mtu siku ile ile.

Sasa turudi kwa muuzaji. Hapa ndipo watu wengi tunagombana na kublokiana. Nilipomwandikia alinijibu kama wanavyojibu wote: "Dada, mayai yangu yana mbegu, angalia mashine yako." Bila yale mayai 10 ya jirani nisingekuwa na la kusema. Mashine ile ile, joto lile lile, umeme ule ule, ya jirani yametotoa 8 kati ya 10. Nikamtumia picha zote mbili.

Halafu nikamtumia picha za mayai meupe niliyoyapasua siku ya 7. Hili wengi hawalijui. Kwenye kiini cha yai kuna kidoa cheupe. Yai lisilo na mbegu, kidoa ni kidogo, kimekolea, kingo hazieleweki. Lenye mbegu, kidoa kinakuwa kama pete. Katika yale 15, 12 hayakuwa na mbegu kabisa. Matatu yalikuwa yameanza na kufa mapema. Ndiyo maana nilijilaumu kuyatupa yale manne yaliyopasuka. Ningeyaangalia siku ya kwanza ningejua hali mapema, kabla sijawaahidi watu zaidi.

Yule kaka akanyamaza siku nzima, kisha akapiga simu. Kumbe ana majogoo wawili kwa tetea 30. Jogoo mmoja kwa tetea 8 hadi 10 ndiyo afadhali. Na ili trei zijae alikuwa anakusanya kwa siku 12, mengine yamekaa hadi yamechoka. Yai la kutotolesha likipita siku 7 linaanza kupoteza nguvu, tena kwenye joto ni mapema zaidi. Akanirudishia 24,000 ya yale 12. Pete za damu tukakubaliana ni uzee wa mayai na joto la buti, hakuna wa kumdai mwenzake. Kwa hiyo hasara yangu ikaishia 10,000 na umeme. Jina langu kwa wale wateja ni hesabu nyingine.

Tunafanya kazi naye hadi leo. Ila sasa ananiwekea mayai mawili ya ziada, ya kupasua siku ya kupokea. Kila yai linavingirishwa gazeti, maranda chini na juu, boksi linapanda ndani ya basi kwa makubaliano na konda, siyo kwenye buti. Na oda za vifaranga nafungua siku ya 18 nikishamulika, tena napunguza kidogo hapo, kwa sababu wapo wanaofia kwenye ganda.

(Kwa wanaouza mayai ya kuroiler na sasso: mwambieni mnunuzi ukweli kwamba hao ni chotara, watoto hawatafanana na wazazi. Mkinyamaza, miezi minne mbele atarudi na maneno.)

Siku hizi na mimi nauza mayai, ya kienyeji. Mtu akiuliza "yote yatatotoa?" namtumia ujumbe huu kabla hajalipa. Nakilini, badilisheni namba zenu:

"Asante kwa kuulizia. Mayai yameokotwa kuanzia tarehe … hadi tarehe … . Jogoo 2, tetea 16. Fungua boksi ukiwa unarekodi video; yaliyopasuka narudisha hela. Pasua mawili ya ziada uangalie mbegu siku hiyo hiyo. Pumzisha saa 24. Siku ya 7 mulika. Yasiyo na mbegu nitumie picha ya kiini, narudisha hela. Yaliyoanza kisha yakafa sirudishi, kwa sababu njia na mashine siviwezi. Ukikubali, nijibu NDIYO, mzigo unaondoka Jumanne."