Usimsomee Mtu Ile Namba: Vile Matapeli Wanakula Watu Kwa Simu, Kutoka Nairobi Mpaka Bute

Cheki hii picha. Jioni, Bute, Wajir Kaskazini. Mbuzi zimeshauzwa, vumbi limetulia, vijana wamejaa hotelini wanakunywa shaah. Simu ya mmoja inalia. Sauti ni ya Kiswahili safi ya Nairobi: "Habari ya jioni ndugu mteja. Laini yako inafungwa leo usiku kwa sababu usajili haujakamilika. Tumekutumia namba kwa meseji, hebu nisomee."

Akisoma hiyo namba, bosi, ameisha.

Wasee wengi wanadhani hii stori imezeeka. Wanasema hao ni wa Kamiti, nani ataliwa na wao siku hizi? Lakini watu bado wanaliwa, na si wazee tu. Msee ako na simu kali, ako TikTok siku nzima, anajua mambo ya kazi za mtandao, na bado anabaki na sifuri. Sababu ni kwamba wengi wetu tumeambiwa "usipeane namba ya siri" lakini hakuna mtu alitueleza hiyo namba inafanya kazi gani.

Iko hivi. Benki, WhatsApp ama PayPal haijui sura yako. Inajua namba yako ya simu tu. Ukitaka kuingia kwa simu mpya ama kubadilisha paswadi, inatuma tarakimu kadhaa kwa laini yako. Atakayezirudisha, kwao huyo ndiye wewe. Hiyo ndiyo inaitwa OTP. So si namba ya "kukamilisha usajili", ni ufunguo wa mlango, unafungua mara moja tu. Na kama imekuja na wewe hukuiomba, ujue kuna mtu saa hiyo hiyo amesimama mlangoni kwako, ameandika namba yako, na kitu amekosa ni hizo tarakimu peke yake. Huyo ndiye amekupigia.

Tuanze na WhatsApp juu huko ndiko inauma zaidi. Tapeli akipata zile tarakimu 6, wewe unatupwa nje ya akaunti yako na yeye anaingia. Haitaji hata pesa yako. Anataka jina lako. Anaandikia watu wako mmoja mmoja: "Abti, niko hospitali Wajir, nisaidie na elfu 5, nitarudisha Ijumaa." Na sisi tunajuana. Mtu wa ukoo akisema ni mgonjwa, humuulizi maswali. Grupu za qaaraan zimejaa watu wa Nairobi, Garissa, Minneapolis na Dubai, na kila mmoja anatuma kitu kidogo juu kesho itakuwa zamu yake. Tapeli anakula hiyo imani. Pesa zinaenda, na aibu inabaki kwako, ati ni wewe uliomba.

Dawa ya hii ni ya dakika mbili. Ndani ya WhatsApp, kwa mipangilio ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili: unaweka PIN yako mwenyewe, na hata mtu akipata OTP bado ataulizwa hiyo PIN. Na ukiombwa pesa kwa meseji, piga simu ya kawaida usikie sauti. Eedo yako hatakasirika ukimpigia.

Sasa wale wa kazi za mtandao. Tangu 2018 unaweza kutoa pesa ya PayPal moja kwa moja mpaka M-Pesa, na hiyo ilifungulia wengi njia, hata mtu akiwa kijijini bora kuna netiweki. Lakini pia iliwafungulia matapeli. Unapata imeili: akaunti yako imezuiwa, bonyeza hapa uithibitishe. Ukurasa unafanana na wa PayPal mpaka rangi. Unaandika imeili na paswadi. Yule mtu upande mwingine anachukua hizo na kuziingiza kwa PayPal ya kweli sekunde hiyo hiyo. PayPal ya kweli inakutumia OTP. Ukurasa feki nao unakuuliza, "Weka namba tuliyokutumia." Unaweka. Umeona mchezo? OTP ni ya kweli na imetoka kwa PayPal yenyewe, ila wewe ndiye umeibeba mpaka mkononi mwa mwizi.

So soma anwani ya ukurasa kabla hujaandika chochote. Angalia maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Yakiwa paypal.com yenyewe, ama yakiishia .paypal.com na nukta yake mbele, sawa. Ikiwa ni kitu kama paypal.com.hakiki-akaunti.info, mwenyewe ni huyo "hakiki-akaunti.info", na hilo neno PayPal limewekwa mbele kama pambo tu. Njia rahisi zaidi: usibonyeze linki kabisa. Fungua apu mwenyewe, kama kuna shida utaiona huko ndani.

Halafu kuna SIM swap. Hapa hata hakuombi OTP, anachukua laini yote. Anakusanya namba yako ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, wakati mwingine kwa kukupigia tu akijifanya wa kampuni, halafu laini yako inasajiliwa kwa kadi mpya iliyo mkononi mwake. Simu yako inakosa netiweki ghafla. Wewe unadhani ni mlingoti umezima, na huku kwetu hiyo ni kawaida, ndio maana ni hatari. Kabla ujue, amebadilisha PIN, amekausha M-Pesa, amekopa Fuliza na M-Shwari kwa jina lako. Deni linakungoja wewe. Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, imepata jina kwa hii kazi, na DCI wameshika watu huko si mara moja.

Na hapa kuna kitu watu wa Nairobi hawaijui. Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walisumbuliwa kupata kitambulisho, vetting juu ya vetting, mpaka Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alipotangaza mwisho wake. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini. So wengi walifanya nini? Walitumia kitambulisho cha abti, cha kaka, cha rafiki. Laini ni yako, biashara ni yako, lakini kwa karatasi ni ya mtu mwingine. Siku imeibiwa, anayeweza kuirudisha ni yule aliyeandikwa, na pengine siku hizi ako Afrika Kusini. Kama sasa uko na kitambulisho chako, hamisha hiyo laini ije kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa Safaricom. Ukikuta moja usiyoijua, ripoti.

Pia kuna *100*100#, inafunga laini isibadilishwe kwa ajenti wa mtaani, mpaka uende duka la Safaricom wewe mwenyewe. Kwa mtu wa Bute hiyo inamaanisha ukipoteza simu utasafiri. Mimi ningeifunga tu. Nauli inajulikana, lakini mwizi hajulikani atachukua ngapi.

Wale wa "nimetuma kimakosa, nirudishie" ni rahisi. Meseji ya kweli inatoka kwa jina MPESA, haitoki kwa namba ya mtu. Usiamini meseji, angalia salio. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiitume wewe. Mwambie apeleke ile meseji yake kwa 456, kampuni irudishe. Ukirudisha mwenyewe na yeye pia aombe irudishwe, umelipa mara mbili.

Safaricom wakikupigia wanatumia 0722 000 000, na hata hapo hawaulizi PIN. Namba ya tapeli itume kwa 333, ni bure. Sheria ipo: ile ya makosa ya mtandao ya 2018 inampa mtu wa kulaghai kwa meseji au tovuti feki mpaka miaka 3 ndani, ama faini mpaka shilingi 300,000, ama zote mbili. Kumpata ndiyo kazi.

Na kama umeshaliwa, usikae hapo ukilia. Chukua simu ya mtu mwingine, pigia kampuni ya simu wafunge laini na M-Pesa, halafu benki, halafu waambie watu wako kwa grupu kwamba si wewe unaomba pesa. Polisi uende nao uandikishe, upewe namba ya OB, juu hayo madeni ya Fuliza utaulizwa wewe.