Kofia za Mbale na Leso za Biashara Street

Mtu aingiapo Biashara Street hapa Mombasa akitokea Digo Road, jambo la kwanza limpokealo ni nguo. Leso zimetungikwa milangoni toka juu hadi chini, vikoi vimekunjwa kwa rangi zake, na kofia zimepandana moja juu ya nyingine. Ni katika mtaa huu iuzwapo leso ya Mali ya Abdulla, ambayo bibi zetu waliivaa na wajukuu wao waivaa.

Lakini mwenye kutazama vizuri ataona zaidi ya nguo. Ataona Bohora na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, ataona Mhindi wa Kibaniani, Mbaluchi, Mshihiri, na Mswahili na kofia yake ya vito. Kila mmoja wao ana nyumba yake ya ibada, na kila mmoja ana jamaa ng'ambo wa kumshika mkono. Mabohora wana kiongozi wao Mumbai, na neno lake hufika hapa kama lifikavyo kwingineko duniani waliko. Sisi nasi tuna ndugu zetu Maskati na Dubai, na misikiti mingi ya pwani hii imejengwa au kukarabatiwa kwa fedha za Ghuba. Basi habari ya jamii ndogo kusaidiwa na wenzao wa mbali ili wasipoteze dini na mila zao si ngeni kwetu.

Leo nataka kueleza habari za jamii moja ambayo wasomaji wengi huenda hawajapata kuisikia, nao ni Mayahudi wa Mbale, Uganda. Nilipomtajia habari hiyo mzee mmoja mwenye duka la nguo mtaani humo, aliiweka chini rula yake ya kupimia akaniuliza, "Maalim, Yahudi mweusi? Tena Mganda?"

Simlaumu. Neno Yahudi hutufikia sisi pamoja na habari za vita vya Palestina, na machungu ya Wapalestina ni machungu yetu. Tena hatujasahau tarehe 28 Novemba 2002, pale hoteli ya Waisraeli iliposhambuliwa kwa bomu Kikambala, na wengi wa waliokufa wakawa ni Wakenya, wakiwamo wacheza ngoma waliokuja kupokea wageni. Walakini siasa za madola ni jambo moja, na ibada ya mkulima aliye mlimani ni jambo jingine. Kitabu chetu kitukufu kimewataja hawa kuwa ni Watu wa Kitabu, na si vibaya kuwajua jirani.

Mapando yasiyopandwa na mtu

Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwaahidi viongozi wa Wazayuni wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, ambayo hadi mwaka 1902 ilikuwa ikihesabiwa katika Uganda. Wazayuni wakaleta tume ya watu watatu kuitazama nchi. Wakapita hapa Mombasa na kupanda gari la moshi, na mwaka 1905 mkutano wao huko Basel ukaikataa ardhi hiyo. Wenyewe wenye nchi hawakuulizwa.

La ajabu ni kwamba miaka kumi na minne baadaye dini ya Kiyahudi iliota ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon, wala hakuna mmishonari wa Kiyahudi aliyeipeleka. Aliyeianzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuziteka nchi za mashariki ya Uganda, kisha akaona hakulipwa kama alivyotaraji. Alikuwa Mkristo, akasoma Torati kwa makini, na mwaka 1919 akajitahiri na kuwatahiri wanawe. Inasimuliwa kuwa wenzake walimwambia huo ni mwendo wa Mayahudi. Akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi tangu siku ile yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Mayahudi kwa Kiganda. Mwaka 1922 akawatungia kitabu cha sala na kanuni kwa lugha yao.

Msaada wa kwanza kutoka nje haukuwa fedha. Ulikuwa elimu. Mwaka 1920 alifika mgeni mmoja Myahudi, jina lake Yosef, akakaa nao kiasi cha miezi sita, akawafundisha hesabu ya sikukuu na namna ya kuchinja. Kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na miaka mingi ikapita watu wale wakiishika dini yao peke yao. Mayahudi wa Kizungu walikuwako Nairobi tangu mapema, na jumuiya yao iliundwa mwaka 1904. Lakini baina ya sinagogi la Nairobi na vibanda vya Mbale palikuwa na masafa marefu kuliko ya reli.

Mtihani wa Amin

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa Idi Amin. Serikali yake iliipiga marufuku dini ya Kiyahudi, na masinagogi yakafungwa. Watu waliokuwa wakikisiwa elfu tatu wakabaki kiasi cha mia tatu tu, wengine wote wakiingia Uislamu au Ukristo. Wale mia tatu walisali kwa siri majumbani na mapangoni. Hapo hapakuwa na mfadhili, wala barua, wala kitabu kipya. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ile ile ndiyo Pasaka ya Kiyahudi iliyoingia, sikukuu ya kumkumbuka Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipowatoa watu wake katika utumwa wa Firauni. Wazee wa Mbale hawaisahau jioni hiyo.

Baada ya hapo vijana wao walijikusanya katika kilima cha Nabugoye wakaanza upya. Na hapo ndipo ng'ambo iliposikia. Mwaka 1994 liliundwa Marekani shirika la Kulanu, ambalo kazi yake ni kuzitafuta na kuzisaidia jamii za Kiyahudi zilizotengwa duniani, likawa miongoni mwa marafiki wao wakubwa. Kina mama wa Mbale walifuma kofia ndogo za uzi wa rangi rangi, zile ambazo Mayahudi huvaa utosini wakati wa ibada, zikauzwa Marekani na fedha zikarudi kijijini. Mwenzangu wa Biashara Street alipolisikia hilo alicheka, akasema, "Kumbe nao ni watu wa kofia!" Mwaka 2002 walikuja marabi wakawapokea rasmi mamia ya watu wale katika dini. Gershom Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles akatoka rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Mwaka huo huo lilifunguliwa sinagogi kubwa la Nabugoye. Wana skuli ya msingi na ya sekondari, na madarasani mna watoto wa Kiislamu na wa Kikristo pia.

Amani tamu

Katika yote hayo, lililonigusa zaidi ni kahawa. J. J. Keki, mkulima na mwimbaji wa jamii hiyo, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona kwa macho yake maghorofa yakishambuliwa. Alirudi kwao akiwa na fikira moja. Akapita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake, Waislamu, Wakristo na Mayahudi, na mwaka 2004 wakaunda chama cha ushirika wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Uongozi wakaugawanya baina ya watu wa dini zote tatu. Kampuni moja ya California ikainunua kahawa yao kwa bei iliyo bora kuliko ya walanguzi. Nyimbo walizozitunga wakulima hao, Waislamu wakiwamo, zilitolewa katika sahani ya muziki mwaka 2013. Msaada wa namna hii haukujenga ukuta baina ya Myahudi na jirani yake Mwislamu. Uliwatia wote katika gunia moja la kahawa.

Walakini msaada una deni lake. Mwenye kutoa huja na madhehebu yake. Mbale wako wafuatao mwendo wa marabi wa Kimarekani, na katika kijiji cha Putti wako walioshika mwendo mkali zaidi, wakatengana. Nasi twalijua hilo, kwani mfadhili wa msikiti hapa petu mara nyingi huja na imamu wake. Tena mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilisema haiwatambui Abayudaya kuwa Mayahudi katika mambo ya uhamiaji. Waliokuwa na kitabu chao tangu 1922 wakaambiwa na ndugu wa mbali kuwa si ndugu.

Hawakutupa kofia zao kwa ajili hiyo, kwa sababu hawakuzivaa kwa ajili ya mtu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Rafiki wa mbali aweza kukupa bati, chaki na dawa, lakini hawezi kukupa wale mia tatu wa pangoni. Hao lazima wawe wako mwenyewe.

Na sisi je? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamehifadhiwa London katika hati za zamani, na twawashukuru waliohifadhi. Lakini London haitamfundisha mtoto wa Kibokoni kuzisoma hati hizo kwa herufi za Kiarabu alizoandikia babu yake. Kazi hiyo yafanywa chuoni na barazani, au haifanywi kabisa. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na wafadhili mia.