Umbo la Hadisi katika Maandiko Matakatifu

Katika Kitabu cha Masomo ya Misa, kilichotolewa mwaka 1969 nyuma ya Konsili ya Vatikano II, kwa Dominika ya 13 ya mwaka B padri anakuta Evanjili moja iliyopangwa kwa namna mbili: ndefu na fupi. Ni Evanjili ya Mtakatifu Marko, sura ya 5: Yezu anamfufua binti wa Yairo, mkubwa wa sinagoga. Katika ile ndefu, njiani anatokea mwanamke mwenye ugonjwa wa kutokwa damu, naye anapona. Katika ile fupi mwanamke huyu hayumo. Msomaji anaruka kutoka mstari wa 24 mpaka mstari wa 35, na Yezu anafika nyumbani kwa Yairo bila kusimama njiani.

Eklezya inaruhusu somo fupi, na padri anayelichagua hana kosa. Jua ni kali, watu wamejaa, pengine kuna ubatizo nyuma ya mahubiri. Lakini tujiulize: tukiacha mistari ile kumi, je, tunapunguza urefu tu, ao tunapoteza kitu kingine? Jibu la makala hii ni hili: tunapoteza fundisho lenyewe. Kwani mwandishi mtakatifu hafundishi kwa maneno peke yake. Anafundisha pia kwa namna anavyoyapanga.

I. Maneno yaliyopangwa kwa ajili ya masikio

Biblia tunayoshika mkononi ina sura, mistari na vichwa vya habari. Vitu hivi vilikuja baadaye sana. Sura tunazotumia ni za mwanzo wa karne ya 13, na kwa desturi husemwa kuwa kazi ya Stephen Langton. Hesabu ya mistari ya Agano Jipya tunayoifuata ilichapwa na Robert Estienne mwaka 1551. Marko hakuwa na kichwa cha habari cha kusema: hapa fungu linaanza, hapa ndipo penye kiini. Tena watu wengi hawakusoma wenyewe. Walimsikiliza mmoja akiwasomea.

Basi mwandishi alifanya nini? Alirudilia maneno. Neno lililosikiwa mwanzoni likisikiwa tena mwishoni, wasikilizaji walijua kwamba fungu limefungwa. Neno moja likitajwa katika hadisi mbili, walijua kwamba hadisi hizo zinaangaliana.

Sisi watu wa Afrika tusilione jambo hili kuwa geni. Mzee akitoa hadisi jioni, anarudisha wimbo ule ule kila mara, na watoto wanaitikia. Akiuruka, watoto wenyewe watamkatiza. Wanajua kwamba wimbo si pambo. Ndio unaoonyesha hadisi imefika wapi.

Wataalamu walichunguza jambo hili tangu zamani. Robert Lowth, Mwingereza, alieleza mwaka 1753 namna mashairi ya Kiebrania yanavyokwenda kwa mistari inayojibizana. John Jebb mwaka 1820, na Nils Lund mwaka 1942, walionyesha mpango kama huo katika Agano Jipya: wazo la kwanza linajibiwa na la mwisho, la pili linajibiwa na lile linalotangulia la mwisho, na hivi mpaka katikati. Mpango huo huitwa kiasmo, kwa sababu ya herufi ya Kigriki yenye umbo la X. Tunaweza kuuita mpango wa mlima: unapanda kwa upande mmoja, unafika kileleni, kisha unashuka kwa upande wa pili na kuona mambo yale yale kwa kurudi nyuma.

Eklezya nayo haikunyamaza. Papa Pio XII, katika barua yake Divino afflante Spiritu ya mwaka 1943, aliwataka wafasiri wachunguze namna za kusema na za kuandika za watu wa zamani wa Mashariki. Konsili ilirudilia fundisho hilo mwaka 1965 katika Dei Verbum, namba 12. Mwaka 1993 Tume ya Papa ya Biblia iliuhesabu uchunguzi wa mpango wa hadisi kati ya njia zinazoweza kuifaa Eklezya. Basi tutazame mifano miwili.

II. Mlima wa garika

Mfano wa kwanza ni garika la Noe, kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 mpaka ya 9. Msomaji wa haraka anaona hesabu nyingi za siku, na anachoka. Lakini tuzipange kwa safu, kama alivyofanya Gordon Wenham mwaka 1978:

siku 7 (7, 4)
siku 7 (7, 10)
siku 40 (7, 17)
siku 150 (7, 24)
Mungu anamkumbuka Noe (8, 1)
siku 150 (8, 3)
siku 40 (8, 6)
siku 7 (8, 10)
siku 7 (8, 12)

Mlima unaonekana wazi. Hata mambo mengine yanaufuata. Kwanza Mungu anakusudia kuharibu, mwishoni anakusudia kutoharibu tena. Kwanza anaahidi agano, mwishoni analifunga. Watu na wanyama wanaingia katika safina, kisha wanatoka. Maji yanapanda na kufunika milima, kisha yanashuka na milima inaonekana.

Na kileleni pana nini? Si mashua, wala maji, wala werevu wa Noe. Katika habari yote ya garika Noe hasemi hata neno moja. Tunasikia sauti yake mara ya kwanza katika sura ya 9, mstari wa 25. Kileleni pana Mungu anayekumbuka. Na katika Biblia, Mungu akimkumbuka mtu, maana yake anatenda ili kumwokoa: alimkumbuka Abrahamu, akamtoa Loti katika maangamizi, alimkumbuka Rakeli, akapata mtoto, alilikumbuka agano lake, akawatoa Waisraeli katika utumwa wa Misri. Kabla ya mstari ule maji yanapanda tu. Tangu mstari ule yanaanza kushuka. Anayehubiri garika kama hadisi ya azabu peke yake, ameishia katikati ya mlima.

Mwanafunzi wa teolojia atasema: Lakini tumefundishwa kwamba habari ya garika imeunganishwa kutoka mapokeo mawili, namna gani iwe na mpango mmoja? Swali ni la haki. J. A. Emerton alilipinga wazo la Wenham katika makala za mwaka 1987 na 1988. Ni kweli kwamba siku 7 mbili za kwanza ni juma moja tu: linatangazwa, kisha linatajwa likiisha. Hata hivyo, mambo haya mawili hayauani. Fundi anaweza kujenga nyumba kwa mawe yaliyotoka katika nyumba mbili za zamani, na nyumba yake ikawa moja, yenye mlango na madirisha yanayolingana. Kitabu tulichopokea kama Neno la Mungu ni nyumba ile iliyokwisha kujengwa.

III. Hadisi ndani ya hadisi

Sasa turudi kwa Marko. Mpango anaoupenda ni huu: anaanza hadisi moja, anaikata, anaingiza ya pili, kisha anamaliza ya kwanza. Ndivyo alivyofanya kwa jamaa za Yezu na waandishi wa Yeruzalemu (sura ya 3), kwa safari ya Mitume na kifo cha Yoane Mbatizaji (sura ya 6), kwa mtini uliolaaniwa na Hekalu (sura ya 11). Mtu akifanya jambo mara nyingi hivi, si bahati. Hadisi ya ndani inaeleza ile ya nje, na ile ya nje inaeleza ya ndani.

Tuhesabu basi vifungo vinavyounganisha Yairo na yule mwanamke. Yairo anaanguka miguuni pa Yezu. Mwanamke naye anaanguka mbele yake. Yairo anaomba kwa ajili ya binti yake. Yezu anamwita mwanamke binti. Mwanamke anaogopa na kutetemeka; Yairo anaambiwa asiogope. Mwanamke ameokoka kwa imani. Yairo anaambiwa aamini tu. Mwanamke anagusa vazi la Yezu. Yezu anashika mkono wa mtoto. Na mwisho, mwanamke ameugua miaka 12. Mtoto ana miaka 12.

Tusimame hapa kidogo. Mwaka ule mtoto alipozaliwa katika nyumba ya mkubwa, ndio mwaka yule mwanamke alipoanza kuugua. Miaka 12 mmoja amekua katika furaha. Miaka ile ile mwingine amepoteza mali yake yote kwa waganga. Kwa sheria ya kitabu cha Walawi, sura ya 15, damu yake ilimfanya kuwa najisi, na watu waliogusa kitanda chake walikuwa najisi vilevile. Aliishi kama mfu kati ya wazima. Kwa sheria ya kitabu cha Hesabu, sura ya 19, anayegusa maiti pia ni najisi, siku 7. Yezu anaguswa na wa kwanza, anamgusa wa pili, na mara zote mbili si unajisi unaomwingia yeye, bali uzima unaotoka kwake.

Tutazame tena nani anamngoja nani. Yairo ana jina, ana cheo, ana nyumba, na mtoto wake yumo katika kufa. Mwanamke hana jina katika hadisi, hana feza, anakuja kwa nyuma, kwa siri. Katika nchi yetu tunajua namna mkubwa anavyopitishwa mbele katika dispanseri, na mama aliyekaa tangu alfajiri anaambiwa angoje. Yezu anafanya kinyume. Anasimama. Anauliza nani amemgusa, wanafunzi wakishangaa. Anamngoja mwanamke mpaka aseme ukweli wote mbele ya watu. Na wakati ule ule, akiwa bado anasema naye, habari inafika: mtoto amekufa.

Hapo ndipo tunapofahamu neno la Yezu kwa Yairo, kwamba aamini tu. Aamini kama nani? Kama yule aliyesimama karibu naye. Mkubwa wa sinagoga anapewa mwalimu wa imani, na mwalimu huyo ni mwanamke ambaye sheria ilimtenga na ibada. Ukimtoa mwanamke, neno la Yezu linabaki agizo tu, bila mfano wa kulifuata. Hata kukawia kwa Yezu kunapotea, na msikilizaji hajui tena kwa nini mtoto alikufa kabla Bwana hajafika.

IV. Waevanjili wengine

Kuna ushuhuda mwingine kwamba mpango una maana. Matayo, sura ya 9, anaileta hadisi hii kwa ufupi, na kwake mtoto amekwisha kufa tangu mwanzo. Basi kusimama njiani hakumzidishii Yairo hatari; nguvu ya hadisi imehamia kwa uwezo wa Yezu juu ya kifo. Luka, sura ya 8, anaufuata mpango wa Marko, lakini anautaja umri wa mtoto mapema, karibu na miaka ya ugonjwa wa mwanamke, ili tulinganishe mara moja. Marko anaificha hesabu ile mpaka mwisho, mtoto akiwa ameamka na kutembea. Ndipo msikilizaji anageuka kumkumbuka mwanamke aliyemwacha njiani. Habari ni moja, mipango ni mitatu, na kila mpango una mkazo wake.

V. Maonyo

Elimu hii ina hatari yake. Anayependa milima ataiona hata penye uwanda. Tushike basi kanuni tatu. Kwanza, vifungo viwe maneno yanayosomwa kweli katika Maandiko, si vichwa vya habari tulivyobuni sisi ili vifanane. Pili, tusiruke mistari isiyokubali mpango wetu. Tatu, mpango uangaze maana. Kama baada ya kuuchora hatufahamu zaidi kuliko kwanza, tumechora picha tu. Tena tusipeleke michoro katika mahubiri. Mwashi hapandishi kamba na timazi juu ya altare. Waumini wanataka nyumba.

Ndugu mapadri, nanyi waseminari mtakaokuwa mapadri, kazi ya kwanza ni nyepesi. Kabla ya kuandaa mahubiri, someni fungu zima kwa sauti, pamoja na yanayolitangulia na yanayolifuata, na kuweka alama chini ya kila neno linalorudi. Wafundisheni makatekista kufanya vilevile. Masikio yao yamezoea hadisi, watayaona mengi. Na Dominika ya 13 ya mwaka B ikifika, kama hakuna lazima kubwa, someni Evanjili yote. Kati ya watu wanaosikiliza wamo wakubwa kama Yairo, nao wanahitaji kumwona yule mwanamke. Wamo pia wanawake kama yeye, waliokaa miaka mingi nyuma ya wengine. Yezu alisimama kwa ajili yao, hata safari ilipokuwa ya haraka. Nasi mimbarini tusipite bila kusimama.