Motokaa ya Usukani wa Kushoto

Binamu yangu mmoja alitaka kununua motokaa ya usukani wa kushoto kutoka Dubai, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Nilimsihi asipeleke fedha zake, kwani sheria ya Kenya haikubali gari la namna hiyo kuandikishwa, isipokuwa magari machache ya kazi maalum, kama ya wagonjwa na ya zima moto.

Sababu si ukaidi wa makarani, ingawa tumezoea kulaumiwa. Sisi hupita upande wa kushoto wa barabara. Dereva aketiye kushoto, akiwa nyuma ya lori, hawezi kuona gari lijalo mpaka motokaa yake iwe imekwisha kutokeza katikati ya njia. Na usiku taa zake, ambazo zimetengenezwa kumulika mbali zaidi upande wa kulia, humpiga machoni yule anayemkabili.

"Nitahamisha usukani," akajibu. Lakini lazima zihamishwe na pedali, dashibodi na waipa, na taa zibadilishwe. Huko ndiko unafuu wote unakokwisha. Tena gari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, lilivyo, wala si litakavyokuwa.

Mwishowe alinunua ya Japani, ambako hupita kushoto kama sisi. Ni ndogo kuliko aliyoitamani.