Mahali Pake ni Darasani

Apitaye Bigwa alfajiri, chini ya milima ya Uluguru, hukuta misafara miwili. Mmoja ni wa watu wateremkao milimani na ndizi, mboga na matunda kwenda kuviuza Morogoro mjini. Wa pili ni wa watoto waendao shule. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingine mtoto wa msafara wa pili huonekana katika ule wa kwanza, mzigo wa ndizi kichwani, daftari limebaki nyumbani.

Hatumlaumu mzazi kwa umaskini wake. Shamba la mlimani ni kazi nzito, na mikono ya mtoto ni msaada. Lakini hebu tufanye hesabu. Mwaka wa shule una siku 194. Mtoto akosaye siku moja tu kila juma, baada ya miaka 6 amepoteza zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Haba na haba hujaza kibaba, na utoro nao hujaza vivyo hivyo. Aliyekosa somo la kugawanya Jumatatu, Jumanne haelewi linalofuata; huona haya mbele ya wenziwe, kisha huichukia shule, na mwisho haji kabisa.

Nafasi hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Ada, iliyokuwa imerudi katika miaka ya 1980, ikaondolewa tena mwaka 2001. Basi mlango u wazi. Lakini sheria huweza kuliweka jina la mtoto katika daftari la mahudhurio. Kumketisha darasani kila siku ni kazi yetu sisi.

Balozi wa shina, ambaye huijua kila nyumba, na aulize kwa upole mtoto yuko wapi. Wazazi na wachange mahindi na maharage, kwa kuwa mwenye njaa hamsikii mwalimu. Masika yanapofurisha vijito, wakubwa wawavushe wadogo. Mwalimu naye aulize sababu kabla ya kushika fimbo, maana aogopaye kiboko huongeza siku ya pili ya utoro.

Nawe ndugu mfanyakazi wa mjini, unaponunua ndizi kwa mtoto saa nne asubuhi, siku ya shule, jua kwamba bei yake si ile uliyolipa. Iliyobaki atailipa mtoto huyo maisha yake yote.

Mgomba ukikatwa, chipukizi lake huzaa tena. Utoto ukipita haurudi. Tuwapeleke watoto shule, leo na kesho na kila siku.