Miguu na Baiskeli Kandokando ya Barabara Kuu

Barabara kuu inayokatiza makazi ya pembezoni mwa mji hufanya kazi mbili zisizopatana. Kwa dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma au Rusumo, Barabara ya Morogoro ni ya kupita tu, na kila kinachompunguzia mwendo ni kero. Kwa mkazi wa Kimara, Temboni, Mbezi au Kibamba, barabara hiyohiyo ndiyo mtaa mkubwa wa kwao. Hapo ndipo palipo kituo cha daladala, duka la dawa, genge na fundi wa pikipiki, na mara nyingi shule ya watoto iko ng'ambo ya pili.

Makazi hayo yalifuata lami. Barabara ilitangulia, viwanja vikapimwa au kuuzwa bila kupimwa kandokando yake, na mji ukatambaa kuelekea Kibaha. Foleni ilipozidi, jibu lilikuwa kupanua: kipande cha kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha kilijengwa upya kuwa na njia nane. Nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilikuwa zimekwisha kubomolewa mwaka 2017, na machungu ya bomoabomoa ile hayajasahaulika. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Njia nane za magari zenye upana wa mita 3.5 kila moja huchukua mita 28. Hata baada ya kutoa kisiwa cha katikati, mabega ya barabara na mitaro, bado hubaki ardhi ya kutosha kwa miguu na baiskeli pande zote mbili. Kwa hiyo sababu ya kukosa nafasi, inayotolewa kila mara katika miradi ya namna hii, haisimami kwenye barabara kuu za pembezoni. Ingesimama kwenye mitaa iliyobanana ya katikati ya mji, kama Kariakoo.

Jambo la kwanza kueleweka ni mwendo wa magari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4, na kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa kwa kilometa 65 kwa saa ni zaidi ya mara nne ya ile ya kilometa 50. Breki nazo zina hesabu zake. Gari dogo linalokwenda kilometa 50 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji kama mita 28 kusimama, ikiwa dereva atachelewa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki. Likiwa kilometa 80 huhitaji karibu mita 58. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha kilometa 50 kwenye maeneo ya makazi, lakini barabara pana, iliyonyooka na isiyo na kitu pembeni humwambia dereva jambo jingine, na dereva huitii barabara kuliko kibao.

Vifo vingi hutokea katika kuvuka. Mtu mzima hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, na bibi mwenye fimbo au mama aliyebeba mtoto hutumia muda zaidi. Kuvuka njia nane kwa mkupuo mmoja humchukua mtu mzima sekunde 23, na katika muda huo gari lenye mwendo wa kilometa 80 hukata zaidi ya nusu kilometa. Hakuna mtu anayeweza kukadiria vizuri gari lililo mbali kiasi hicho, tena usiku. Kisiwa cha katikati kikiwa na upana wa mita mbili au zaidi, kilichoinuliwa na chenye nafasi ya kusimama mwenye baiskeli, safari hugawanyika mara mbili. Kila nusu ni mita 14 na sekunde 12, na mvukaji hutazama upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwendo ukishushwa hadi kilometa 50, pengo analohitaji kati ya gari na gari hupungua hadi mita 165 hivi. Kisiwa cha zege ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika ujenzi wa barabara, na bado husahaulika.

Wahandisi wengi hupendelea daraja la juu, kwa kuwa magari hayasimami. Kwa anayetembea hesabu ni nyingine. Ili malori yapite chini, daraja huachiwa uwazi wa mita 5.5 au zaidi, na sakafu yake hufika kama mita 6.5 kutoka ardhini. Kwa ngazi, hiyo ni vidato zaidi ya 40 kupanda na vingine kushuka. Kwa mteremko unaofaa kiti cha magurudumu, wa kupanda mita moja kwa kila mita 12, ni mita 78 upande huu na 78 upande ule, kabla ya kuhesabu daraja lenyewe. Mtu aliyetaka kuvuka mita 30 anaambiwa atembee karibu mita 200. Wanaokatiza chini hulaumiwa kwa ukaidi, ilhali wamepiga hesabu hiyo kwa miguu.

Barabara ya Thika, iliyofunguliwa Novemba 2012 kati ya Nairobi na Thika, ndiyo somo kubwa la Afrika Mashariki katika hili. Ilijengwa na njia nane katika sehemu zake za karibu na mji, ikiwa na barabara za huduma pembeni, na ilisifiwa kwa haki kwa kupunguza muda wa safari za magari. Lakini ilipita katikati ya mitaa yenye watu wengi kama Githurai na Roysambu, ambako maelfu huvuka kila siku kwenda kupanda matatu au kununua mboga. Madaraja ya miguu yakaongezwa baadaye, na uzio ukawekwa katikati kuzuia wanaokatiza. Daraja hufaa pale ambapo barabara imechimbwa chini ya usawa wa mtaa, au pale ambapo watu hushukia juu moja kwa moja, kama kwenye baadhi ya vituo vya mabasi. Kwingineko, taa za kuvukia au kivuko kilichoinuliwa huhudumia watu wengi zaidi. Hilo si nadharia ya ughaibuni. Kwenye mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, maarufu kama mwendokasi, ulioanza huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, abiria wa vituo vingi hufika kwa kuvuka juu ya lami, na njia za miguu na baiskeli zilijengwa pamoja na njia za mabasi.

Baada ya kuvuka ndipo huja swali la njia yenyewe. Upana wake hupimwa kwa mzigo unaopita. Atazamwe mchuuzi wa mkaa anayeingia mjini alfajiri. Magunia yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli hadi kupita kichwa chake, usukani unataka kuinuka, na akisimama ghafla hawezi kuondoka tena bila kusukumwa. Mtu huyu hawezi kupanda ukingo wa sentimita 15 kila baada ya mita 50, wala kupishana na mwenzake kwenye njia ya mita moja na nusu. Anahitaji mita mbili kwa njia ya upande mmoja, na mita tatu ikiwa ya pande mbili, yenye lami laini. Matofali ya zege yanafaa kwa miguu, ila yakititia huchosha magurudumu. Guta na mkokoteni navyo viko palepale, na mpango usipovitaja, vitajitafutia nafasi kwenye njia ya magari. Waenda kwa miguu wapewe mita mbili zao zilizo wazi kabisa, bila nguzo ya umeme katikati.

Njia nyingi huharibikia kwenye viungo. Kila barabara ya mtaa inayoungana na barabara kuu, na kila mlango wa kituo cha mafuta, huikata njia ya miguu na kuishusha vumbini. Kona pana humruhusu dereva kukunja bila kupunguza mwendo. Kona ikibanwa hulazimika kuingia polepole. Dawa nzuri zaidi ni kuipitisha njia ya miguu na baiskeli kwa usawa wake uleule juu ya barabara ya mtaa, ili gari ndilo lipande tuta. Masika yakifika, barabara za udongo humwaga tope juu ya njia, kwa hiyo mita kumi au ishirini za kwanza za kila barabara ya mtaa zinapaswa kuwekwa lami pia.

Bodaboda kwenye njia ya miguu ni lalamiko la kila mtu, na nguzo fupi ndizo tiba inayotumika zaidi. Tatizo ni kwamba pengo linalopitisha kiti cha magurudumu hupitisha pikipiki. Inafaa kuuliza kwa nini bodaboda yuko pale. Mara nyingi mahali pa kugeuzia pako mbali, kilometa moja au zaidi, naye amekata shauri kurudi kinyume pembeni. Barabara ya huduma ya pande mbili humwondolea sababu hiyo.

Wamachinga nao hufuata watu, na watu wako kwenye vituo. Mwaka 2021 walihamishwa kwa operesheni kubwa kutoka barabara za Dar es Salaam, na sehemu nyingi walirejea. Kituo kinachopangwa vizuri huwa na ukanda wa biashara uliotengwa kati ya njia ya kutembea na mpaka wa hifadhi, na njia ya baiskeli hupita nyuma ya kibanda cha abiria, isikate mahali wanaposhukia. Mbezi, ambako kituo cha mabasi ya mikoani kilifunguliwa mwaka 2021, abiria hushuka na masanduku na mafurushi, na hapo mita mbili hazitoshi.

Vifuniko vya mitaro viwe vizito na vyenye nondo kidogo, la sivyo huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Taa zimulike njia ya miguu, si lami ya magari pekee. Miti ipandwe upande wa magharibi wa njia palipo na nafasi, kwa kuwa jua la alasiri ndilo kali.

Usimamizi umegawanyika. Nchini Tanzania barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, na biashara na usafi ni vya manispaa. Hivyo mkataba mmoja huishia pale ambapo mwingine haujaanza, na pengo la mita tano hubaki bila mwenyewe. Jiji la Nairobi lilijaribu njia ya fedha: sera yake ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa miguu na baiskeli. Ahadi ya namna hiyo huhitaji kifungu chake katika bajeti ya kila mwaka, vinginevyo hubaki kwenye karatasi.

Kwa barabara iliyokwisha kujengwa, kazi ianze na kuhesabu wanaovuka na wanaopita, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Takwimu za polisi huonyesha mahali watu walipogongwa. Hazionyeshi mahali ambapo wazazi wamewakataza watoto kuvuka. Baada ya hapo vijengwe visiwa na vivuko, kisha mapengo ya viungo yazibwe, na mwisho njia ipanuliwe. Kwa bahati mbaya miradi mingi huanzia mwisho, kwa sababu kilometa za njia mpya hupendeza kwenye ripoti.